Kadi Niliyoipima kwa Salamu Tu

Niliisikia kabla sijaiona. Nilikuwa nimesimama kwenye korido ya kituo cha afya, viatu vimejaa tope jekundu la njia ya kupandia, na nyuma ya mlango wa mbao wenye rangi ya kijani kitu kilikuwa kinavuma. Hakikupumzika hata kidogo. Nikadhani humo ndani wana mashine ya kumenyea kahawa, nikajiuliza wagonjwa wanataka kahawa ya nini. Mlango ukafunguka, akatokea mzee mfupi mwenye sweta ya kufuma, akaniangalia kuanzia viatu kwenda juu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Unasikia nini?”

“Nasikia mashine.”

“Sikiliza vizuri. Humo kuna feni tatu na moja inakaribia kufa. Ukiniambia ni ipi kabla ya Pasaka, kazi ni yako.”

Huyo alikuwa Mzee Elinami, fundi wa kwanza wa kompyuta katika kituo chetu, na kilichokuwa kinavuma ni seva, kompyuta kubwa inayozihudumia nyingine zote. Jina la kituo nitaliacha. Kiko kwenye mteremko wa mlima, juu ya Moshi mjini, penye baridi na migomba, na wanaokijua wanakijua. Nilifanya kazi humo mpaka nikastaafu. Ninyi mnaoanza sasa, wanangu, mmeniuliza mara nyingi namna ya kuchagua kadi ya mtandao kwa seva ya Linux, nami nimekuwa nikiwajibu kwa mkato na kubadilisha mazungumzo. Leo nitajibu lote. Sidhani litawasaidia. Ninaandika kwa sababu sina tena mtu wa kumwambia.

Kadi ya mtandao ni kitu kidogo, haizidi kiganja. Kazi yake ni moja: kuiunganisha seva na waya unaokwenda kwa wenzake. Seva bila kadi ni kama mtu mwenye akili nyingi aliyefungiwa chumbani.

Kadi yangu ya kwanza niliinunua mjini, duka la jirani na stendi. Boksi lake lilikuwa na picha ya radi na maneno ya kuapa kwamba inafanya kazi na kompyuta yoyote duniani. Nilipanda nalo mlimani nimelikumbatia. Nikaichomeka kadi, nikaiwasha seva, Linux, mfumo unaoiendesha, ikaipita kana kwamba haipo. Nilihangaika nayo siku mbili. Siku ya tatu Mzee Elinami akaja na kikombe chake cha chai, akaliokota boksi, akaligeuza.

“Anaeli, hii ni suti ya kanisani. Jumapili wote tunavaa suti. Nani mkulima, nani mwizi wa ng'ombe, utajuaje?”

“Sasa nisome nini, mzee?”

“Msome mwenyewe.”

Akaitoa kadi, akanionyesha kipande cheusi katikati yake. Hiyo ni chipu, na Linux huzungumza nayo yenyewe, boksi hailijui kabisa. Mtengenezaji anaweza kuchapa jina lilelile kwenye boksi miaka mitano na ndani akabadilisha chipu mara tatu. Kwa hiyo andika `lspci -nn`, utaona ndani ya mabano herufi na tarakimu nne, nukta mbili, kisha nyingine nne.

“Nne za mwanzo ni ukoo,” alisema. “Nne za mwisho ni jina. Wewe ukimpokea mkwe huulizi ukoo?”

“Nauliza.”

“Kwa nini huyu humuulizi?”

Ukishapata ukoo na jina, tafuta kama kerneli uliyo nayo, ule moyo wa Linux, tayari ina draiva ya chipu hiyo, yaani kile kipande cha programu kinachojua lugha yake. Tayari, nasema. Siyo draiva utakayoitafuta kwenye ukurasa wa mtu aliyekata tamaa zamani, uijenge mwenyewe, halafu kila ukisasisha kerneli ivunjike. Na ukiona mfumo umeichukua kadi kwa draiva ya chipu nyingine ya ukoo uleule, usishangilie. Ndugu wawili wanaweza kufanana sura, mmoja akabeba gunia na mwingine akaanguka nalo.

Hapo ndipo penye jambo la pili, ambalo Mzee Elinami alinirudia nalo mpaka nikawa nalisikia kanisani. Mafundi wengi wakishachomeka kadi huandika `ping`. Mashine ya upande wa pili ikijibu, wanafunga mlango na kwenda kula.

“Ping ni shikamoo,” alikuwa akisema. “Umemwamkia, amekuitikia marahaba. Sawa, ana adabu. Sasa mtwishe mzigo uone.”

Kumtwisha mzigo ni kupitisha mafaili makubwa kwenye kadi hiyo, kwenda na kurudi bila kupumzika, kwa saa moja nzima, huku unasoma kumbukumbu za mfumo. Kadi isiyoelewana na draiva yake hujibu salamu vizuri kabisa. Ikielemewa huzimia, hujiwasha upya, huanza tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Usipokuwa umekaa pale hutajua. Saa moja tu. Sijawahi kuona saa ghali kuliko hiyo.

La tatu: ya zamani usiitupe. Mzee alikuwa na droo moja chini ya meza, imejaa kadi alizozivua, kila moja imefungwa kwenye karatasi na kuandikwa ugonjwa wake. Tulimcheka kwa droo hiyo. Sista Theresia, muuguzi wetu Mkatoliki mwenyeji wa Kilema, aliiita makaburi ya Walutheri.

Mnajua tunavyoishi huku. Kitu usichokipata mjini unasubiri Desemba. Desemba mlima unajaa. Watoto wa mlima wanarudi kutoka Dar, kutoka Arusha, kutoka Mwanza, magari yamebeba mchele, sukari, mafuta, magodoro, na katikati ya hayo vifaa vya kila kituo, kila shule, kila kanisa ambalo lina fundi mwenye ndugu Dar. Ndiyo iliyokuwa ofisi yetu ya manunuzi. Tulimpigia ndugu simu Novemba, tukamsomea jina la kifaa, naye akakileta kwenye buti la gari pamoja na zawadi ya bibi.

Mwaka ninaoutaja, Mzee Elinami alikuwa ameshastaafu na chumba cha seva kilikuwa changu. Masika radi ilipiga ikachoma tundu moja la waya kwenye kadi yetu. Kadi ilikuwa na matundu mawili, nikahamia lililobaki, likafanya kazi, polepole lakini bila kukosa. Nikamwagiza mdogo wangu Gadieli aniletee mpya. Nilimsomea jina. Nilimtumia hadi picha ya boksi. Mnaona nilichofanya? Mimi, mwanafunzi wa Mzee Elinami, nilimtumia ndugu yangu picha ya suti.

Gadieli akafika tarehe ishirini na tatu usiku. Kesho yake asubuhi akaniletea boksi hadi kazini, anacheka, ananukia Dar.

“Kaka, ni hilihili au silo?”

“Ndilo hasa.”

“Basi fanya haraka, mbuzi wamefungwa tangu jana. Wajomba wote wameshafika. Bila wewe hakuna atakayeshika kisu.”

Baba yetu alikuwa amefariki mwaka huohuo. Ilikuwa Krismasi ya kwanza mimi kuwa mkubwa wa nyumba, nami ndiye niliyetakiwa kugawa nyama kwenye kihamba, shamba letu la ukoo: kidari cha nani, mguu wa nani, shingo ya nani, kwa mpangilio wa ukoo, mbele ya macho ya wote. Mtu akikosea hapo atasemwa mpaka wajukuu zake. Mtu akichelewa ni vibaya zaidi. Nikaivua kadi ya zamani, nikaiweka kwenye droo. Nikachomeka mpya. Nikaandika `lspci -nn`, na naapa niliiona. Ukoo uleule, lakini jina limebadilika tarakimu ya mwisho. Linux ilikuwa imeichukua kwa draiva ya ndugu yake. Nikasimama. Gadieli akapiga honi nje.

Nikaandika `ping`. Ikajibu. Nikafunga mlango.

Niligawa nyama vizuri sana. Wajomba walinisifu.

Siku ya pili ya Krismasi, asubuhi, Mzee Elinami alikwenda kusafisha mfongo, ule mfereji wa maji unaopita shambani kwake. Jiwe likamtelezesha, akaangukia mgongo. Wajukuu wakamleta kituoni juu ya godoro. Daktari wa zamu alikuwa Daktari Baraka, kijana, peke yake kwa sababu ya sikukuu. Mzee akapigwa picha ya eksirei. Daktari akaitazama mara tatu.

“Naona kama kivuli hapa,” akasema. “Sina uhakika. Ngoja bingwa wa mifupa mjini aione. Mpaka ajibu, mzee asisogezwe.”

Picha zetu zote zilikwenda mjini kupitia seva. Bingwa alikuwa na kawaida ya kujibu ndani ya nusu saa. Hayo ndiyo yote Mzee Elinami aliyokuwa akiyahitaji: picha moja ifike, mtu mmoja aitazame, aseme mgongo huu ni mzima au umevunjika.

Nilipigiwa simu kwamba picha haiendi, nikiwa na bakuli la mtori mkononi. Nilipofika nilimkuta amelala chali, uso umekauka kwa maumivu, na bado anabishana.

“Theresia, leo ninyi wa Kilema mmefurahi. Mlutheri kalala.”

“Lala kimya, meku,” alijibu Sista Theresia. Meku kwetu ni mzee, na yeye alimwita hivyo kila siku. “Sisi tukilala hivyo tunaombewa na watakatifu wote. Wewe una Anaeli tu.”

Mzee akanigeuzia macho.

“Picha haiendi?”

“Inafika theluthi, inarudi mwanzo.”

“Umebadilisha kitu?”

“Kadi. Gadieli ameleta mpya.”

“Umeitwisha mzigo?”

Sista Theresia alikuwa ananiangalia. Daktari Baraka alikuwa ananiangalia. Wajukuu wawili walikuwa mlangoni. Ningesema hapana, angeniambia: rudisha ya zamani. Dakika ishirini. Nisingehitaji hata kuambiwa, nilijua mwenyewe. Lakini kuirudisha kadi ya zamani mbele yao kulikuwa ni kusema niliondoka bila kupima, na kwa ajili ya nini? Nyama.

“Nimeitwisha, mzee. Saa nzima.”

“Basi siyo kadi,” akasema, akafumba macho.

Vijana wangu, nimeishi na maneno hayo matatu. Katika mlima mzima mtu mmoja tu ndiye angeweza kuuona ugonjwa ule akiwa amelala chali, nami nilimtoa macho. Aliacha kufikiria kadi kwa sababu aliyemwambia ni mimi.

Nikaanza kutafuta mahali ambapo nilijua hakuna kitu. Nikabadilisha waya. Nikazima swichi na kuiwasha. Nikaipigia kampuni ya intaneti, nikasikilizishwa nyimbo za Noeli. Mtauliza kwa nini hatukuipiga picha skrini kwa simu tukaituma. Tulifanya hivyo. Bingwa akajibu kwamba anaona taa ya dari na kidole gumba cha Theresia.

“Iweke kwenye flashi,” alisema Theresia. “Bodaboda yupo getini, nusu saa yuko mjini.”

“Nipe dakika kumi.”

Alirudi mara mbili tena na neno lilelile, nikamjibu vilevile. Mstari wa kuonyesha safari ya picha ulikuwa unasogea, mnaelewa? Unasogea mpaka theluthi. Kila mara nilijiambia sasa utapita. Nilikuwa namwomba Mungu aitengeneze kadi ili nisiseme ukweli.

Saa tisa bingwa akapiga simu. Ameitwa chumba cha upasuaji, kuna ajali barabara kuu, akitoka ataangalia kama picha itakuwa imefika. Daktari Baraka akabaki na kivuli chake. Akambonyeza mzee vidole vya miguu. Mzee akavichezesha vyote.

“Labda ni misuli tu,” akasema daktari.

“Kama ni misuli niacheni niende msalani. Siwezi kujisaidia kwenye bakuli mbele ya Mkatoliki.”

Walicheka. Niliwasikia wakicheka, mimi nikiwa chumba cha seva, ng'ambo ya korido, mlango wazi. Nikasikia kitanda kikilia. Nikasikia hatua moja, mbili, tatu, hizo nyayo zake nilizozijua miaka yote. Kisha kishindo, na sahani ya chuma ikizunguka sakafuni muda mrefu sana kabla ya kutulia.

Sikumwona akianguka. Nilisikia tu.

Hapo ndipo nilipoivuta droo. Nikazima seva, nikarudisha kadi ya zamani, parafujo mbili zikaniponyoka, na hata hivyo sikuzidisha dakika ishirini. Picha ikaenda kwa muda usiotosha kusali Baba Yetu. Baada ya robo saa jibu likaja, bingwa ameandika akiwa bado na nguo za upasuaji: *Huyu msimwinue. Msimwinue kabisa.*

Miguu yake haikusimama tena.

Bingwa aliniambia baadaye kwamba huenda ingekuwa vilevile, huenda mfupa ulikuwa tayari unahama. Ni mtu mwema. Hilo neno lake nimelitafuna miaka na halijaisha. Kwenye taarifa ya kituo iliandikwa kwamba mtandao ulisumbua. Kila aliyesoma aliridhika. Mtandao ulisumbua: kuna sentensi iliyofunika makosa mengi zaidi katika nchi hii? Nami ndiye niliyeiandika.

Miaka minne nilikwenda kwake kila Jumapili baada ya ibada, nimebeba mkungu wa ndizi au dumu la maziwa. Mkewe, Mama Aikande, alinipikia. Tulizungumza habari za kahawa, za mvua, za wachungaji. Mara nyingine aliniuliza habari za chipu mpya, nikamjibu. Ndizi zangu zilikuwa nzuri. Nilikuwa nachagua zilizo bora kuliko nilizompelekea mama yangu.

Nataka niwape jambo la kuwatia moyo, sina. Seva imeondolewa. Chumba chenye mlango wa kijani sasa kinahifadhi vyandarua. Mmoja wenu aliniambia kwa upole, “Babu, siku hizi kila kitu kiko mawinguni, hakuna anayechagua kadi.” Nilitazama juu, mawingu yenyewe yalikuwa yameficha Kibo kama kawaida. Chini ya mawingu yenu, mwanangu, mahali fulani, kuna kadi iliyochomekwa kwenye seva, na kuna mtu aliyeandika `ping` akaona jibu akafunga mlango kwa sababu anangojwa nyumbani. Simjui. Nampenda kama ndugu, na namwogopa.

Jumapili ya mwisho nilikwenda mikono mitupu. Mzee alikuwa amekonda, shuka limemlalia bapa. Ng'ombe alikuwa anacheua nyuma ya ukuta. Nikakaa kwenye kigoda.

“Mzee, ile kadi sikuitwisha mzigo.”

“Najua.”

“Tangu lini?”

“Tangu ulipoacha kuniuliza maswali. Miaka yote ulikuwa mtu wa kuuliza. Baada ya siku ile ukawa wa kujibu tu.”

“Kwa nini hukusema?”

“Nilikuwa nakusubiri.” Akageuza uso kwenye dirisha. “Ningefurahi ungekuja ningali na miguu ya kukufukuzia.”

Nikadhani ni utani, kama alivyozoea. Nikajaribu kucheka. Hakunifuata.

“Sasa itabidi uondoke mwenyewe, Anaeli.”

Nikasimama. Nikanyoosha mkono, ukabaki hewani juu ya shuka, nikaurudisha. Mama Aikande alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, unga mikononi, na kwa macho yake nilijua amesikia yote, na kwamba yeye alikuwa hajui. Kwetu mgeni husindikizwa mpaka njiani, hata kama anakaa shamba la pili. Miaka minne hakuacha kunisindikiza, mvua au jua, akiniuliza habari za watoto mpaka kwenye mti wa mwisho. Siku ile alitembea nyuma yangu hadi kizingitini, akasimama hapo.

“Aika kwa ndizi,” akasema. Asante kwa ndizi, zile za miaka yote.

Nilikuwa sijafika ngazi ya pili niliposikia mlango ukifungwa nyuma yangu, na komeo likishuka.